Fedha Zinaingia, Bei Inashuka: Kusoma Data za Mtiririko wa Fedha Kwenye Hisa

Swali la msomaji: "Natumia programu ya simu inayonionyesha, kwa kila hisa, fedha zilizoingia na fedha zilizotoka kwa siku. Kuna hisa ninayoifuatilia ambayo siku tatu mfululizo imeandikwa kwa kijani kwamba zilizoingia zimezidi zilizotoka, tena kwa wingi, lakini bei imeshuka siku zote tatu. Je, data hizi ni za kweli? Na kama ni za kweli, mtu azitumieje kufuatilia soko?"

Ndugu msomaji, namba unazoziona zinaweza kuwa sahihi kabisa. Kinachokuchanganya ni jina zilizopewa. Hisa zinapouzwa sokoni, mmoja anatoa fedha na kuchukua hisa, mwenzake anatoa hisa na kuchukua fedha, na viwango vyao vinalingana hadi senti ya mwisho. Ukijumlisha fedha zote walizotoa wanunuzi kwa siku, kisha ukatoa zote walizopokea wauzaji, jibu ni sifuri, ukiacha ada za madalali. Hata kampuni yenyewe haiambulii kitu katika biashara hiyo, isipokuwa siku inapouza hisa mpya. Sasa programu inayodai kwamba milioni kadhaa "zimeingia" baada ya kutoa zilizotoka, hizo milioni imezipata wapi?

Imezipata kwa kupima nani ana haraka. Soko likiwa wazi kuna foleni mbili. Upande mmoja wamejipanga wanunuzi wanaosubiri, kila mmoja na bei anayoitoa. Upande wa pili wamejipanga wauzaji, kila mmoja na bei anayoitaka. Tuseme mnunuzi wa juu kabisa anatoa 50.00 na muuzaji wa chini kabisa anataka 50.10. Wote wakikaa hivyo, hakuna biashara. Biashara inafanyika pale mtu anapochoka kusubiri. Akinunua kwa 50.10, ameikubali bei ya muuzaji; akiuza kwa 50.00, ameikubali bei ya mnunuzi. Muamala wa kwanza huandikwa kama fedha zilizoingia, wa pili kama fedha zilizotoka. Zidisha bei kwa idadi ya hisa, jumlisha kila upande, toa mmoja kwa mwingine, na hapo ndipo namba yako ya kijani inapozaliwa.

Kwa hiyo kile programu ilichokuambia ni kwamba kwa siku hizo tatu waliokuwa na haraka zaidi walikuwa wanunuzi. Haikusema kwamba wanunuzi walikuwa na nguvu zaidi, wala haikusema kwamba walikuwa wajanja zaidi. Mwenye hisa nyingi anayetaka kutoka taratibu hana sababu ya kugonga bei ya mnunuzi. Anaweka oda yake upande wa wauzaji na kutulia. Inaliwa, anaweka nyingine. Akiona wanunuzi wanapungua, anaishusha kidogo, nao wanairukia wakidhani wamepata bei nafuu. Kila wanaporuka, programu inaandika kijani. Jioni bei iko chini kuliko asubuhi, na rangi inasema fedha zimeingia. Vyote viwili ni kweli.

Hali hii ni ya kawaida kiasi kwamba gazeti la Wall Street Journal lilikuwa na jedwali lake. Kwa miaka mingi lilichapisha orodha ya hisa zilizoshuka bei huku fedha "zikiingia", na orodha ya pili ya hisa zilizopanda huku fedha "zikitoka". Mchambuzi aliyehusishwa sana na hesabu za aina hiyo ni Laszlo Birinyi, aliyezikuza akiwa katika kampuni ya uwekezaji ya Salomon Brothers, na hoja yake ilikuwa kwamba habari iko pale hasa ambapo bei na fedha vimetofautiana. Pale vinapokwenda pamoja hujifunzi mengi, kwani bei ilishakuambia.

Lakini kabla ya kuitafuta habari hiyo, lazima ujue programu yako inakokotoa kwa njia gani. Hapa wengi hupita haraka, nami naomba tukae kidogo, maana nashuku nusu ya fumbo lako imejificha humu.

Njia ya kwanza ni hiyo ya muamala mmoja mmoja. Tatizo lake ni kwamba data nyingi zinataja bei, idadi na saa, bila kusema nani alikuwa na haraka. Programu inabidi ikisie. Kanuni ya zamani inalinganisha bei ya muamala na ya ule uliotangulia: ikipanda, mnunuzi ndiye aliyekuwa na haraka, ikishuka, muuzaji, ikibaki ileile, unafuata mabadiliko ya mwisho. Mwaka 1991 Charles Lee na Mark Ready walipendekeza namna bora zaidi, ambayo watafiti wanaitumia hadi leo: tazama kwanza bei za foleni mbili wakati wa muamala. Ikiwa muamala umefungwa karibu na bei ya muuzaji, uhesabu kuwa ununuzi. Karibu na bei ya mnunuzi, uhesabu kuwa uuzaji. Ukiangukia katikati kabisa, ndipo urudi kwenye kanuni ya zamani. Ni nzuri, ila bado ni makisio. Marekani ilipokamilisha mwaka 2001 kuhama kutoka bei za sehemu za kumi na sita za dola kwenda bei za senti, hatua ndogo kabisa ya bei ilishuka kutoka senti 6.25 hadi senti moja, na kupanda au kushuka kwa hatua moja kukapoteza uzito mkubwa. Tena katika soko hilohilo, zaidi ya asilimia 40 ya hisa zinazobadilishana mikono siku hizi hupitia nje ya masoko rasmi, na sehemu yake hufungwa katikati ya bei mbili, mahali ambapo kanuni zote zinapapasa gizani.

Njia ya pili haigusi miamala kabisa. Inachukua namba za siku nzima, yaani bei ya juu, ya chini, ya kufunga na idadi ya hisa zilizouzwa, halafu inakisia mtiririko kutokana na hizo. Programu nyingi za bure zinatumia njia hii kwa sababu data zake ni rahisi kupatikana, lakini kwenye skrini zinaiandika kwa maneno yaleyale ya "kuingia" na "kutoka". Vipimo vitatu ndivyo utakavyokutana navyo zaidi. OBV (On-Balance Volume) ni cha Joseph Granville, tangu mwaka 1963: hisa ikifunga juu ya jana, idadi yote ya siku inajumlishwa, ikifunga chini, yote inatolewa. CMF (Chaikin Money Flow) ni cha Marc Chaikin, na kinatazama bei imefunga wapi ndani ya eneo la siku hiyo. MFI (Money Flow Index) kilitolewa mwaka 1989 na Gene Quong na Avrum Soudack. Kinachukua wastani wa bei ya juu, ya chini na ya kufunga, kinauzidisha kwa idadi ya hisa, kinaweka siku za wastani kupanda upande mmoja na za kushuka upande wa pili, kisha kinatoa namba kati ya 0 na 100, kwa kawaida kwa kutumia siku 14.

Tuvipe vyote vitatu siku moja tuone. Jana hisa ilifunga kwa 100, na wastani wake wa siku ulikuwa karibu na hapohapo. Usiku ikatoka taarifa mbaya. Leo imefungua kwa 90, ikacheza kati ya 89 na 95, ikafunga kwa 94.50. Zimeuzwa hisa milioni moja.

CMF kinapima: kutoka bei ya chini hadi ya kufunga ni 5.50, kutoka ya kufunga hadi ya juu ni 0.50. Tofauti ni 5.00, ukigawanya kwa upana wa siku ambao ni 6 unapata 0.83. Maana yake hisa 833,000 kati ya milioni moja zinahesabiwa kuwa mtiririko wa kuingia. OBV hakihitaji hesabu ndefu: 94.50 iko chini ya 100, toa milioni nzima. MFI kinapata wastani wa leo kuwa 92.83, kinaona uko chini ya wa jana, na fedha zote za siku, yaani milioni 92.83, zinakwenda upande wa kutoka.

Siku moja, hisa moja, vipimo vitatu. Kimoja kinashangilia na viwili vinalia. Hakuna kilichokosea hesabu. CMF hakijui kabisa kwamba jana kulikuwa na 100, kwa sababu kanuni yake haitazami bei ya kufunga ya jana. Kinachokijua ni kwamba bei ilifunga karibu na kilele cha siku, mbali na bei ya chini. Na hilo ni kweli. OBV na MFI vinajua jana ilikuwaje, ila havina habari kwamba baada ya kufunguliwa kwa kishindo siku iliendelea vizuri. Hisa yako ikiwa imefunguliwa chini kila asubuhi kwa siku tatu, kisha ikajitahidi kupanda mchana na kufunga karibu na bei ya juu ya siku, programu inayotumia kanuni ya Chaikin itakupa kijani mara tatu na bei itakuwa imeshuka mara tatu. Fungua chati ya siku hizo uangalie bei za kufungua. Ni ukaguzi wa dakika moja, na mimi ningeanza na huo.

Angalia pia kama kati ya siku hizo kuna siku ambayo hisa ilianza kuuzwa bila haki ya gawio. Siku hiyo bei hushuka kwa takriban kiasi cha gawio bila mtu yeyote kuuza kwa hofu, na programu isiyorekebisha bei za nyuma itasoma mshuko huo kama mauzo. Kugawanywa kwa hisa, yaani hisa moja kufanywa mbili au zaidi, nako kunavuruga hesabu vilevile.

Kuna njia ya tatu, ambayo napenda uisikie kwa sababu ndiyo inayotangazwa kwa mbwembwe zaidi: programu zinazotenganisha "fedha kubwa" na "fedha ndogo". Oda inayozidi kiwango fulani inaitwa ya taasisi, iliyo chini yake inaitwa ya watu wa kawaida. Wazo linavutia, nani hataki kujua wakubwa wanafanya nini? Lakini mkubwa anayejua kazi yake haingii sokoni na oda nzima mkononi. Anaikabidhi kwa programu ya kompyuta inayoikata vipande vidogo na kuviuza kidogokidogo, hasa ili asionekane. Ile siku ya tarehe 6 Mei 2010, faharisi ya Dow Jones (kipimo cha mwendo wa hisa za kampuni kubwa za Marekani) ilipoporomoka karibu pointi elfu moja na kurudi ndani ya muda mfupi, ripoti ya wasimamizi wa masoko wa Marekani ilimtaja muuzaji mmoja aliyekuwa anauza mikataba 75,000 ya mauzo ya baadaye (makubaliano ya kununua au kuuza siku ijayo kwa bei iliyopangwa leo) ya faharisi nyingine ya Marekani, S&P 500, yenye thamani ya takriban dola bilioni 4.1. Aliiacha kompyuta iuze kwa mwendo wa asilimia 9 ya biashara ya dakika iliyotangulia, bila kujali bei wala muda. Programu ya "fedha kubwa" ingeona mvua ya oda za kawaida. Na kinyume chake pia hutokea: tajiri mmoja asiye na subira anaweza kununua hisa nyingi kwa mpigo na akaandikwa kuwa taasisi.

Siku hiyohiyo inatoa funzo jingine kuhusu wingi wa biashara. Katika sekunde 14 hivi za kilele cha vurugu, makampuni yanayofanya biashara kwa kasi kubwa yalinunua na kuuza mikataba zaidi ya 27,000, karibu nusu ya biashara yote ya muda huo. Mwishoni, ununuzi wao halisi baada ya kutoa mauzo ulikuwa mikataba kama 200 tu. Mikataba ileile ilikuwa inazungushwa kati yao. Mtu anayetazama idadi peke yake angesema hamu ya kununua na kuuza ni kubwa ajabu, kumbe wanunuzi wa kweli walikuwa wamekimbia.

Baada ya kusema hayo yote, mimi bado natazama data za mtiririko kila siku. Hazifai kitu zikiwa peke yake. Zinafaa ukiziuliza swali moja: kwa haraka hii yote, bei imekwenda umbali gani?

Wanunuzi wakiharakisha na bei ikapanda, vizuri, hakuna cha kueleza. Wanunuzi wakiharakisha sana na bei ikakwama, kuna mtu anawauzia bila kuchoka. Wachambuzi wa chati husema ununuzi huo "unamezwa" au "unanyonywa", na upande wa pili ni vilevile: wauzaji wanaharakisha, bei haishuki, kuna anayekusanya. Jambo la kutazama ni upande upi unaoishiwa kwanza. Muuzaji mkubwa akimaliza mzigo wake na wanunuzi bado wana haraka, bei huachiwa ghafla na kupanda kwa biashara kidogo tu. Wanunuzi wakichoka kwanza, muuzaji aliyebaki na mzigo huanza yeye kuwa na haraka, na kijani hugeuka nyekundu huku bei ikiongeza kasi ya kushuka. Huwezi kujua mapema ni lipi kati ya hayo mawili. Anayekuambia kwamba kijani cha siku tatu pamoja na bei inayoshuka ni "dalili ya kukusanya" amechagua jibu moja kati ya mawili kwa sababu linapendeza. Nionavyo mimi, kosa hili ndilo linaloumiza watu zaidi katika eneo hili lote.

Hisa yako, tukichukulia kwamba programu inahesabu miamala kweli, iko katika hali mbaya kidogo kuliko kukwama: wanunuzi wana haraka na bei inashuka. Kuna maelezo ya kawaida kabisa. Bei inaweza kushuka bila muamala wowote. Taarifa mbaya ikitoka, wanunuzi waliokuwa kwenye foleni huondoa oda zao na kuziweka chini. Wauzaji nao hushusha. Muamala wa kwanza ukifanyika, tayari uko chini, na unaweza kabisa kuwa wa mnunuzi mwenye haraka. Mtiririko hauoni oda zilizoondolewa. Unaona zilizotimia tu.

Na watu kwa wingi wao hupenda kununua kilichoshuka. Tarun Chordia, Richard Roll na Avanidhar Subrahmanyam walichapisha mwaka 2002 uchunguzi wa tofauti ya kila siku kati ya oda za kununua na za kuuza katika soko la hisa la New York. Waligundua kwamba oda za kununua huongezeka baada ya soko kushuka, na hupungua baada ya kupanda. Kwa hiyo kijani baada ya mshuko, kwa kiasi fulani, ni tabia ya kawaida ya umati, na hakihitaji nadharia ya wajanja wanaokusanya kimyakimya. Uchunguzi huohuo ulionyesha pia kwamba tofauti hiyo ina uhusiano mkubwa na mwendo wa soko wa siku ileile. Jambo hilo lina maana sana kwako: data hizi zinaeleza leo vizuri kuliko zinavyotabiri kesho.

Sasa ukubwa. Namba ya fedha zilizoingia ikisimama peke yake haina maana. Milioni 4 zikizidi kwa hisa yenye mauzo ya milioni 400 kwa siku, ni asilimia moja, yaani kelele. Milioni 4 hizohizo kwa hisa yenye mauzo ya milioni 20 ni asilimia 20, na hapo nakaa vizuri kitini. Gawanya kila mara kwa mauzo yote ya siku. Kisha linganisha na tabia ya hisa hiyohiyo kwa siku 20 au zaidi zilizopita, kwa sababu kuna hisa ambazo karibu kila siku huwa za kijani kutokana na namna watu wanavyozinunua, na kijani chake hakisemi lolote. Unachotafuta ni siku iliyovunja tabia. Neno "kwa wingi" ulilotumia katika swali lako lingenisaidia zaidi lingekuwa asilimia.

Kuna siku ambazo mimi huziruka kabisa. Kubwa kati yake ni siku za kubadilisha wanachama wa faharisi. Tesla iliingia kwenye S&P 500 Jumatatu ya tarehe 21 Desemba 2020. Mifuko yote inayoiga faharisi hiyo ililazimika kuinunua, na ununuzi huo ulirundikana Ijumaa ya tarehe 18, hasa kwenye mnada wa kufunga soko. Mauzo yalikuwa makubwa kupita kawaida na bei ikafunga kwenye kilele kipya. Jumatatu ikashuka kwa zaidi ya asilimia 6. Mtiririko wa Ijumaa haukuwa na maoni yoyote ndani yake. Ulikuwa utekelezaji wa kanuni. Siku za kuisha kwa pamoja kwa mikataba ya mauzo ya baadaye na ya chaguzi (inayompa mtu haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa), Ijumaa ya tatu ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, zina vurugu za namna hiyo kwa Marekani. Vilevile muamala mmoja mkubwa uliopatanwa pembeni kati ya taasisi mbili, kisha ukaandikishwa sokoni kwa mpigo, unaweza kupaka siku nzima rangi isiyo yake.

Neno pia kuhusu jambo linaloitwa kwa jina lilelile na ambalo ni tofauti kabisa: fedha zinazoingia na kutoka kwenye mifuko ya uwekezaji. Hapa fedha zinaingia kweli. Mtu anapotia fedha kwenye mfuko wa hisa, meneja anapata fedha ambazo hakuwa nazo jana na anakwenda kununua. Kwa mifuko inayouzwa sokoni kama hisa, kuongezeka kwa vipande vya mfuko kunaonyesha fedha mpya, ilhali kuuziana vipande vilivyokwishakuwapo hakuonyeshi. Mtiririko wa namna hii una uzito kwa soko zima: Xavier Gabaix na Ralph Koijen walikadiria katika andiko lao la mwaka 2021 kwamba dola moja inayohamishiwa kwenye hisa hupandisha thamani ya soko lote la hisa kwa takriban dola 5. Makadirio hayo yanabishaniwa, lakini yanaonyesha kwa nini watu wanafuatilia data hizi. Kasoro yake ni kuchelewa. Nyingi hutoka kwa wiki au kwa mwezi, na ripoti za hisa zinazomilikiwa na wasimamizi wakubwa wa Marekani, wenye dola milioni 100 na zaidi za hisa zinazohusika, zinaruhusiwa kutoka hadi siku 45 baada ya robo mwaka kwisha. Zinakusaidia kuelewa msimu. Kuamua juu ya hisa moja kwa siku tatu hazikusaidii.

Kati ya hizo na za programu yako kuna data za aina ya mwekezaji, pale soko linapozitangaza. India, kwa mfano, hutangaza kila siku kiasi kilichonunuliwa na kuuzwa na taasisi za kigeni na za ndani. Hizi nazipendelea kuliko za "fedha kubwa", maana mwekezaji ametambuliwa kwa akaunti yake badala ya kukisiwa kwa ukubwa wa oda. Tena data za namna hii zina nguvu ya kuyumbisha watu. China ilikuwa inaonyesha moja kwa moja ununuzi wa hisa zake kupitia Hong Kong, na wawekezaji wengi walikuwa wakizitazama dakika kwa dakika kama ishara ya kufuata. Tangu tarehe 13 Mei 2024 maonyesho hayo ya papo kwa papo yaliondolewa.

Nikirudi kwenye hisa yako, utaratibu wangu ungekuwa huu. Kwanza natafuta kwenye maelezo ya programu kanuni ya hesabu. Ikitumia bei za siku, naangalia kama hisa ilifunguliwa chini kila asubuhi. Ikiwa ndivyo, kijani ni zao la kanuni na naachana nacho. Ikitumia miamala, nagawanya ziada ya kila siku kwa mauzo ya siku na kulinganisha na siku 20 zilizotangulia. Ikiwa ndani ya kawaida, naachana nacho pia. Ikiwa imevuka kawaida kwa siku zote tatu na hakuna gawio, faharisi wala muamala wa pembeni uliohusika, basi kuna muuzaji mvumilivu wa kweli, na mimi sinunui huku bado anauza. Naandika bei ya chini ya siku hizo tatu na ya juu. Bei ikivuka ile ya juu kwa biashara ya kawaida tu, nahesabu kwamba mzigo umekwisha. Ikivunja ya chini huku rangi ikigeuka nyekundu, nahesabu kwamba wanunuzi ndio walioishiwa. Kabla ya hapo sina sababu ya kufanya lolote kwa ajili ya rangi peke yake.

Kuhusu kanuni zilizozoeleka, kama ile ya MFI ikizidi 80 uuze na ikiwa chini ya 20 ununue, sina imani nazo. Hisa yenye mwendo mkali inaweza kukaa juu ya 80 kwa wiki nyingi, na aliyeuza siku ya kwanza akabaki kuiangalia ikipaa.

Na ikiwa hisa yako ni ya zile zinazouzwa mara chache kwa siku, usizisome data hizi kabisa. Miamala kumi haitoshi kutengeneza mtiririko. Mteja mmoja wa dalali mmoja anaibadilisha rangi ya wiki nzima. Kwa hisa za aina hiyo, muda wako utautumia vizuri zaidi kwa kutazama foleni zenyewe: oda ngapi zimepangwa kila upande, kwa bei gani, na zinakaa muda gani kabla ya kuondolewa.